Kunde za Mama Asabi

Jumamosi, saa moja asubuhi, harufu ilipanda ngazi
kabla ya mtu. Bajia, nikasema, bado nimo kitandani,
na miguu ikashuka yenyewe kutafuta kandambili.

Salford hakuna bajia saa moja asubuhi.
Kuna mvua, kuna lori la taka, kuna mbwa wa ghorofa ya pili
anayelibwekea lori la taka.

Mlangoni alikuwa Ibidun wa namba kumi na nne,
kilemba upande, mkononi mfuko wa karatasi
umeshaanza kulowa mafuta.
"Akara," akasema. "Mama ametutoka Alhamisi."

Nikaupokea kwa mikono miwili.
Sikujua nianze na pole au na asante.
Kwetu msiba hukaa mkekani, sauti hushuka.
Huu umesimama mlangoni kwangu, unanuka mawese,
unaniambia kula ikiwa moto.

"Aliyepita sabini tunamkaangia.
Majirani wale, wajue ameshiba siku zake.
Akifa kijana, karai halibandikwi."

Mama Asabi! Alinikuta siku moja nasaga kunde
na maganda yake, akaninyang'anya bakuli.
Akaziloweka, akazifikicha, maganda yakaelea
akayamwaga, akafikicha tena,
akitafuta lile jicho jeusi, moja moja:
"Ukiacha jicho, akara itakuona."
Kisha rojo akalipiga kwa mwiko, akalipiga,
mpaka likawa jepesi na mkono wangu ukaomba radhi,
kwa maana alikuwa amenipa mimi mwiko.

Ila jana usiku, jikoni kwao, karai nusura lisibandikwe.
Karani wa vifo alikwisha andika: miaka sitini na sita.
Daktari naye alitikisa kichwa, umri mdogo huo, poleni.
Na Kolapo, kifungua mimba, mtu wa mafaili,
akaiweka karatasi mezani, karibu na kunde:
"Sitini na sita. Tutakaanga kwa haki gani?"

Wakampigia shangazi, Ijebu-Ode.
Simu ikakatika mara mbili. Ya tatu akasema:
"Siku anazaliwa Asabi mimi nilishang'oka meno ya mbele.
Sabini na tisa! Washeni moto, wajinga nyie."

Kumi na mitatu aliipunguza mwenyewe,
kama mtu anavyopandisha pindo la gauni la kuazima,
mwaka ule alipotafuta kazi ya kudeki uwanja wa ndege
na hawakutaka vikongwe.
Kazi akapata. Na kwa kuwa karatasi ilisema bado kijana,
akaidaiwa ile miaka, akaidekia yote,
magoti yakijua hesabu ya kweli.

Ndiyo maana Ibidun amekaanga kilo sita.
King'ora cha moshi kililia usiku kucha,
akasema, nacho ndicho peke yake kilicholia.
Kisha akalia, pale pale, kwenye kizingiti changu,
mfuko wa namba kumi na sita ukiwa kwapani.

Nilikula tatu nimesimama.
Nje gamba, ndani wingu, katikati pilipili ya kukemea.
Hakuna jicho hata moja.

Mama yangu amelala Muheza, mwaka wa nne sasa.
Hitima niliisikiliza kwa simu, zamu ya usiku, chooni.
Kitambulisho chake kilisema tarehe mosi Januari,
kama cha kila mtu aliyeandikishwa kwa foleni.
Yeye alisema: mwaka wa nzige, baada ya mavuno.
Nzige gani, mama? Walikuja mara ngapi?
Nikihesabu hivi napata sitini na nane.
Nikihesabu vile, sabini na moja.

Nikampigia mama mdogo. Akacheka, akakohoa,
akaniuliza huko kunde bei gani.

Zimo majini tangu adhuhuri.
Maganda yameanza kulegea.